Kinoo Nisichokiosha

Niinueni kidogo, wanangu, wekeni na ule mto wa pili, maana nikilala chali maji ya kifuani yanapanda na maneno yanakwama, na leo sitaki neno langu hata moja likwame. Idil, kaa hapa upande wa mkono wangu wa kulia. Ahmednur, weka hiyo simu chini, mwanangu. Wanaokupigia kuhusu ng'ombe wa Isebania watasubiri, na mimi sina nafasi ya kusubiri. Juzi daktari aliwanong'oneza mlangoni kwamba moyo umechoka na hakuna dawa iliyobaki isipokuwa ya kupunguza maumivu. Mlidhani nimelala. Nilisikia yote.

Sikilizeni basi, na msinikatize, hasa pale mtakapotamani kunikatiza.

Mimi ni Nyangi binti Mwikwabe, niliyezaliwa Ntimaru katika boma la wafugaji, nikaitwa Kaltum siku niliposilimu na kuolewa na baba yenu Mohamednur, Msomali aliyeshuka kutoka Garissa akiswaga ng'ombe wa watu na asirudi tena kwao. Yeye hakujua Kikuria, mimi sikujua Kisomali, na mji huu wa Migori ulikuwa ukizungumza Kijaluo, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichotuozesha, na ndicho kilichowalea ninyi. Yeye alichinja na mimi nilinoa. Alisema mikono yangu ni myepesi kuliko yake, na alikuwa mtu asiyesifu ovyo.

Nyumba hii, bucha na kile kiwanja cha Isebania sivigawi mimi. Mwenyezi Mungu alikwisha kuvigawa kabla hamjazaliwa. Mwiteni sheikh awasomee, kila mmoja achukue lake. Ila wewe Ahmednur, usimharakishe dada yako kutia sahihi karatasi ambayo hajaisoma. Nakujua. Una haraka ya mtu aliyefiwa na baba mapema, na haraka hiyo, kama mtakavyosikia, nimechangia kuitia moyoni mwako.

Ninachotaka kukisema kwa mdomo wangu ni kuhusu vile vinoo viwili vya kauri. Ahmednur, najua umenunua mashine ya umeme ya kunolea, na najua unaona aibu wateja wakimkuta dada yako ameinamia jiwe. Mashine yako inakula kisu chenyewe. Kisu cha miaka kumi utakimaliza kwa miaka miwili. Vinoo ni vya Idil. Ridhia, useme mbele yangu kwamba umeridhia. Haya. Nimekusikia.

Abdirashid, binamu ya baba yenu aliyekuwa mpishi katika hoteli moja ya Mombasa, ndiye aliyetuletea, amevifunga ndani ya taulo kama watoto pacha: cha kijivu cha kuanzishia makali, na cheupe cha kumalizia. Vinoo tulivyovijua sisi vilikuwa mawe ya mtoni, na lile jiwe la dukani linalonyweshwa mafuta. Abdirashid akakiweka kile cheupe mezani, akapitisha kisu mara sita tu, kisha akakata karatasi ya gazeti iliyokuwa ikining'inia, haikushikwa na mkono wa pili. Baba yenu akapiga makofi. Abdirashid hakumtazama yeye, alinitazama mimi, kwa sababu aliona ni nani aliyeinama kuangalia.

“Shemeji,” akaniambia, “hili ni kauri, kama kikombe cha chai, ila ni gumu kupita chuma. Linaparuza chuma, lakini halijui kukimeza. Usipoliosha, chuma kinabaki pale pale juu yake, na mwisho wake utakuwa unanoa chuma kwa chuma.”

“Na mafuta nitie wakati gani?” nikamuuliza.

“Mafuta kamwe. Maji, au likavu hivyo hivyo. Mafuta yanashika ule unga wa chuma na kuushindilia kwenye vitundu, kisha hutajua kwa nini kisu kinateleza.”

Maneno hayo nilielezwa waziwazi, kwa Kiswahili ninachokielewa, na mtu aliyekuja nayo kutoka mbali. Yakumbukeni, kwa sababu siwezi kusema sikuambiwa.

Idil, mama, umenitazama miaka kumi na mmoja nikiosha mawe haya kila jioni na hujawahi kuniuliza kwa nini. Kutazama hakutoshi, kwa hiyo nakuambia. Ukimaliza kazi, lipeleke jiwe penye mwanga. Ukiona michirizi ya kijivu kama ya penseli, ile raba ya kufutia ya watoto wa shule inatosha. Sugua, mavi ya raba yataondoka na weusi. Ukiona jiwe limekuwa jeusi na linang'aa kama tako la sufuria, raba haitoshi. Chukua maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na sponji ngumu ya plastiki, nyunyiza ule unga wa kusugulia masinki, sugua kwa kuzungusha, liache kidogo, sugua tena, suuza mpaka maji yanayodondoka yawe kama uliyoyamimina. Usitumie waya wa chuma wa kusugulia sufuria, maana utakuwa unalilisha jiwe kile kile unachotaka kulitapisha. Usilimwagie maji yanayochemka likiwa baridi, wala usiliweke jikoni likauke upesi. Litapata ufa usioonekana, na siku moja litakatika mkononi mwako. Likaushe kivulini. Lifunge kitambaa, kila moja peke yake, maana yakigongana yanamegeka; ile pembe ya jiwe la kijivu ilimegeka siku Ahmednur aliliangusha sakafuni, na kipande hakirudi.

Halafu kila mwaka, chora mistari ya penseli juu ya jiwe, huku na huku kama kimia, kisha lisugue kwa maji juu ya lile bamba la chuma lenye unga wa almasi alilotuma Abdirashid. Mistari ikifutika yote kwa pamoja, jiwe liko sawa. Ikibaki katikati, jiwe limebonyea, endelea. Na la mwisho, ambalo ndilo la kwanza: kisu cha samaki kioshwe kwa sabuni kabla hakijagusa jiwe.

Mnaniangalia kama mgonjwa anayeweweseka. Siweweseki. Watu wa soko hili wameniita Mama Mikono Safi, na ninyi mmejivunia jina hilo. Mlidhani ile kuosha kila jioni, hata siku za homa, hata ile jioni tuliporudi kutoka kumzika bibi yenu Ntimaru, ilikuwa bidii ya kazi. Ilikuwa woga, wanangu. Na sasa nitawaambia nilikuwa naogopa nini.

Mwaka ule baba yenu alipofariki, Ahmednur ulikuwa na miaka kumi na tisa na Idil kumi na miwili. Majuma matatu kabla ya Idd ya kuchinja, kazi ilinizidi. Trizah, yule mama wa samaki wa Homa Bay, aliniletea visu vya wanawake wenzake wote wanaopasua mbuta ufuoni, gunia zima, na visu vile vilikuja na shahamu ya samaki imekauka kwenye mipini. Sikuviosha. Nikavinoa hivyo hivyo, nikamaliza, yakaja mapanga, vikaja visu vya mabucha yote yanayojitayarishia sikukuu, nami kila jioni nikawa nasema nitayaosha mawe kesho. Siku ya Arafa nilikuwa nimefunga, kichwa kinaniuma, na kisu cha mwisho mkononi kilikuwa cha baba yenu, kile kirefu cha kuchinjia. Nikakipitisha kwenye jiwe jeupe, hakishiki. Kinapita kama juu ya kioo. Nikafanya lile nililokatazwa: nikadondosha mafuta ya kupikia juu ya jiwe, kama tulivyofanya na mawe ya zamani, nikapitisha tena mara nyingi, nikajaribu makali kwa kidole gumba. Kidole kiliteleza. Nilijua. Nikajiambia, basi, kitafaa.

Asubuhi ya Idd baba yenu akavaa kanzu, akachukua kisu. “Umenoa?” akauliza. Nikasema, “Nimenoa.” Mkono wa mtu mwingine angeukagua, wangu hakuukagua. Akatoka.

Ninyi mnajua dini inavyotuamrisha. Kisu kinolewe, mnyama asiteswe, mkono upite mara moja. Fahali wa kwanza asubuhi ile alikuwa mwekundu, wa kutoka Sirare, ameangushwa na kufungwa miguu. Aliyeshika kamba ya kichwani ni Jacktone. Jacktone hakuwa Mwislamu, alikuwa Mjaluo wa hapa hapa, lakini kwa miaka minane baba yenu hakuchinja fahali mkubwa bila yeye, kwa kuwa alikuwa na mikono kama magogo na hakuwa mtu wa kunywa. Baba yenu akatamka jina la Mungu, akapitisha kisu. Kisu kikakata ngozi, nyama hakikukata. Yule fahali akapata maumivu ambayo hayakumwua, akajinyanyua na nguvu zake zote, kamba ya miguu ikakatika, na ile ya kichwani ikachomoka mikononi mwa Jacktone ikiondoka na ngozi ya viganja. Pembe ikaingia hapa, chini ya mbavu za baba yenu.

Yote haya niliyajua baadaye. Nilichokiona kwa macho yangu ni wanaume wanne wanamleta wamemlaza juu ya mlango wa bucha walioung'oa.

Hospitalini aliishi siku tatu. Siku ya pili, ninyi mmekwenda kuoga, alinishika mkono akaniambia, sauti ndogo sana, “Kisu kiliteleza, Nyangi.” Hakuniita Kaltum. Na hakusema kwa hasira, ndiyo maana hakuna siku imepita nisiisikie. Alisema kama mtu anayekutahadharisha, uangalie usije ukateleza na wewe. Siku ya tatu akafariki.

Tulipomzika, wazee wa msikiti na wachinjaji wakakusanyika hapa uani. Walikuwa wamegawanyika. Wengine walisema kamba, wengine walisema fahali alikuwa na wazimu, na mmoja, Mungu amrehemu, aliuliza kama kuna mtu amekiona kile kisu. Kisha mzee wao akanigeukia: “Mama, wewe ulikuwa naye mwishoni. Marehemu alisema nini?”

Nikasema, “Alisema kamba ya kichwani ililegea.”

Nimelitia neno la uongo kinywani mwa maiti, wanangu. Mtu aliyekwisha kufa hawezi kukanusha. Wala sikulipanga, lilitoka kama mkono unavyojikinga na kofi. Lakini lilipotoka sikulirudisha, na kila siku ambayo sikulirudisha nililisema upya.

Usisimame, Ahmednur. Keti. Nilikuambia utatamani kunikatiza. Keti, mwanangu, nakuomba, sina pumzi ya kukufuata mlangoni.

Mnakumbuka yaliyofuata. Jacktone alikuja akainua viganja vyake, vimechunika mpaka nyama nyekundu, akasema, “Wazee, mtu ameachilia kamba anaweza kuchunika hivi?” Nami nilikuwa nimekaa pale kwenye mkeka wa eda. Niliviona vile viganja. Vilikuwa ushahidi wa kutosha kwa mtu mwenye macho, lakini nani atapinga neno la marehemu? Wakamfukuza machinjioni. Na wewe, Ahmednur, ukaokota kamba ile ile ukamchapa nayo usoni mbele ya watu, mtu wa umri wa baba yako, na hakukurudishia. Nilikuona. Ningeweza kusema neno moja tu ukaushusha mkono. Sikusema. Ile chuki uliyoibeba mpaka leo, ile inayokufanya uvuke barabara ukimwona mtu wa ukoo wake, nilikupa mimi. Kipigo kile ni changu. Kama kuna dhambi yake, naichukua.

Jioni ile ile nililichukua jiwe jeupe nyuma ya choo. Lilikuwa jeusi, linanata. Nililisugua kwa sabuni mara tatu, na maji yaliyotoka yalikuwa kama wino. Nikayamwaga pale, nikayafunika kwa mchanga kwa mguu. Na tangu siku hiyo sijalala na jiwe chafu. Niliosha jiwe kila jioni kwa sababu lile jingine sikuweza kuliosha. Mficha maradhi kifo humuumbua; mimi nimeyaficha miaka kumi na mmoja, na nilipoona kifo kinakaribia kuniumbua nikaona afadhali nikitangulie.

Mwezi wa Shaaban uliopita niliwaambia nakwenda Ntimaru kuwaona ndugu zangu. Sikwenda Ntimaru. Nilikwenda Masara, huko kwenye machimbo ya dhahabu, kwa kuwa nilisikia ndiko aliko Jacktone. Hakuna bucha wala machinjio yaliyomtaka, Migori wala Homa Bay, maana habari mbaya husafiri bila nauli. Mkewe alirudi kwao na watoto mwaka wa pili wa njaa. Nilimkuta amekaa chini ya turubai anaponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, nywele nyeupe kwa vumbi, anakohoa. Aliponitambua alisimama, akanifutia jiwe la kukalia kwa shati lake. Aibu iliyonishika wakati huo, hata sasa sijui niiseme vipi.

Nikamwambia yote. Sikuficha mafuta, sikuficha kidole gumba, sikuficha maneno ya baba yenu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akiwa anapangusa nyundo yake tu.

“Mama Idil,” akasema, “mimi hiyo kitu nilijua kitambo. Nilikuwa karibu na shingo ya huyo ng'ombe kuliko mtu yeyote. Nilisikia kisu ikipita. Kisu kali iko na sauti yake. Hiyo haikuwa na sauti.”

“Kwa nini hukusema?”

“Ningeambia nani? Mimi mshika kamba, niseme bibi ya marehemu hakunoa kisu, na kaburi bado iko mbichi? Wangeniua.” Akakohoa. “Halafu nilifikiri, huyu mama ako na watoto wadogo, ngoja, atasema mwenyewe. Nikangoja. Mwaka moja, mbili. Nikachoka kungoja.”

Nikapiga magoti pale kwenye vumbi. Nikamwambia nina theluthi ya mali yangu ambayo sheria inaniruhusu kumpa mtu asiyenirithi, na kwamba ile sehemu yangu ya kiwanja cha Isebania nitamwandikia, ajenge, aite watoto wake. Akanishika mkono akaninyanyua, na nikavihisi viganja vyake, makovu yamepita katikati kama matuta ya shamba.

“Hapana,” akasema. “Ukinipa shamba, watu watasema mkosaji amelipwa. Mama, ulinikosea mbele ya watu. Usikuje kunisafisha hapa chini ya turubai, wawili peke yetu. Nisafishe mbele ya watu. Ukifanya hiyo, mimi na wewe tumemaliza, Nyasaye ni shahidi. Usipofanya, basi hata mimi sitasema nimekusamehe, kwa sababu itakuwa uongo, na uongo imetosha.”

Nikaahidi. Nikarudi Migori, na Ijumaa ile nikapanda boda mpaka machinjioni. Walifurahi kuniona, wakaniletea kiti na chai ya maziwa, wakanyamaza wanisikilize. Wanaume kama ishirini. Nikafungua mdomo. Mnajua nilisema nini? Niliwausia wasiviache visu vyao kwenye damu vikapata kutu. Wakaniitikia, wakaniombea dua ya umri mrefu, nami nikanywa chai yao yote nikarudi nyumbani. Ijumaa ya pili sikwenda. Ya tatu miguu ilikuwa imeanza kuvimba, nikashukuru, Mungu anisamehe, nikashukuru kwa kuumwa.

Nilikusudia hili niwaachie ninyi. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno: kwamba siku ya kunizika, kabla jeneza halijanyanyuliwa, Ahmednur asimame aseme mama yetu alisema hivi na hivi. Usiku wote uliopita nimekuwa nikiyapanga. Alfajiri ikanijia kwamba siwezi. Nitamwomba vipi mwanangu ayabebe maneno ya mtu anayekufa ayafikishe salama, na mimi nilipopewa yale machache niliyageuza? Tena nawe, Ahmednur, ungekuwa umesimama pale na aibu ya kamba ile mkononi, na ulimi hauna mfupa. Ningekutega. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na hautolewi na mtoto.

Nipe maji, Idil. Kidogo. Basi.

Mnasikia sauti uani? Ni watu wa machinjioni, wametoka kuswali Alasiri. Niliwaita mimi, kupitia jirani. Na wewe Idil, ile namba niliyokupa asubuhi upige useme tu “Mama anasema njoo leo,” ukaniuliza ya nani nikakuambia utajua... ilikuwa ya Jacktone. Amefika. Nimesikia kikohozi chake. Yuko langoni, nje ya lango, kwa sababu hakuna aliyemkaribisha, na hao wengine wamempa mgongo.

Usilie, Idil. Sikiliza, pumzi inapungua, nami nimeihesabia kazi mbili na haitoshi zote mbili. Kwa hiyo ninyi mtapata fupi. Nizikeni upesi, bila mbwembwe. Msigombane kwa ajili ya bucha. Idil, mawe uyaoshe kwa sababu ni kazi nzuri, usiyaoshe kwa hofu. Pumzika siku ukiwa mgonjwa. Ahmednur, kama baada ya leo watu watakucheka kwa ajili yangu, watakucheka muda mfupi, kisha watazoea. Mnaweza kunikasirikia. Nimewapa haki hiyo. Ila msinikasirikie mkamwacha yeye tena. Mungu awape macho ya kuona viganja vya watu. Mungu awape... ulimi usiojikinga. Nimewaridhia. Wote wawili, dunia na akhera, nimewaridhia.

Sasa fungueni mlango. Wote, mpaka mwisho. Na dirisha.

Ahmednur. Chukua kile kiti cha baba yako, kitoe wewe mwenyewe, usimtume mtu. Kipeleke langoni. Mwambie karibu. Si lazima useme zaidi, leo karibu inatosha. Nenda, mwanangu. Nenda.

Idil, nishike mgongo. Juu kidogo.

Amekaa? Siwaoni vizuri. Amekaa?

Enyi watu wa machinjioni... sogeeni, sauti yangu ni ndogo. Miaka kumi na mmoja iliyopita... mliniuliza hapa hapa... mume wangu alisema nini. Niliwadanganya. Hakusema kamba. Alisema... kisu kiliteleza. Na kisu kile... ngoja, Idil, ngoja nimalize... kisu kile nilikinoa mimi. Jacktone hakuachilia. Mtazameni mikono. Jacktone... inua mikono yako, baba... waione.